Mnada wa samaki uwe mikononi mwa wavuvi wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila asubuhi huamuliwa kwa robo saa tu juu ya mchanga wa Bagamoyo, karibu na jengo la Forodha ya zamani, na ambalo baada ya hapo halirekebishiki tena hata samaki asafirishwe mpaka mji gani. Jambo hilo ni bei ya kwanza ya samaki, yaani ile anayolipwa mvuvi pale chombo kinapotia nanga. Wakazi wa mjini hulalamika kwamba samaki ni ghali, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini wachache wanajua kwamba changu anayeuzwa kwa bei ya juu Dar es Salaam, mwendo wa kilomita takriban 70 kutoka hapa, alitoka mkononi mwa baharia kwa bei ambayo baharia huyo hakuitaja, hakuwa na uwezo wa kuikataa, na pengine hata hakuisikia ikitajwa kwa sababu wakati huo alikuwa bado majini anakumba maji chomboni.

Mimi ni nahodha, mkazi wa Dunda, na nimevua kwa zaidi ya miaka 30, kwanza kwa mshipi na dema, kisha kwa jarife, na sasa kwa mashua yenye mashine. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi wavuvi wadogo tunaojiajiri hatutapata nguvu sokoni kwa kuongezewa boti, mashine na nyavu peke yake, maadamu mauzo ya kwanza yanabaki mikononi mwa watu wengine. Tunapaswa kuungana katika chama cha ushirika ambacho kazi yake ya kwanza, kabla ya nyingine zote, ni kuendesha mnada wetu wenyewe.

Unyonge wa mvuvi unatokana na mali anayoiuza. Korosho hukaa ghalani ikamsubiri mnunuzi, na ndiyo maana mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008, uliwezesha mazao ya wakulima wengi kukusanywa mahali pamoja na kuuzwa kwa mnada. Samaki hana subira hiyo. Katika joto letu la pwani, samaki aliyeachwa bila barafu huanza kulegea tumbo na kupoteza wekundu wa mashavu katika saa chache tu, na kila mnunuzi anajua kuyasoma mashavu hayo. Kwa hiyo mvuvi anapofika pwani anashindana na jua, na wanunuzi hawana haja ya kubishana naye; wanachohitaji ni kukaa kimya na kungoja. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na vyombo vingi vikarudi kwa pamoja vikiwa vimejaa. Kusi likija bei hupanda, lakini hapo ndipo wengi wetu wenye ngalawa na vyombo vidogo tunaposhindwa kutoka.

Juu ya hilo kuna deni. Mvuvi anayetaka mashine, nyavu au hata mafuta ya safari moja humwendea tajiri, naye humkopesha bila hati ya nyumba wala mdhamini, kwa sharti moja tu, kwamba samaki wote watapita kwake au kwa dalali wake. Sipendi kuwatukana watu hawa, kwa kuwa nimekula chumvi yao. Tajiri ndiye anayegongewa mlango saa nane usiku mtoto anapopelekwa hospitali, na ndiye anayetoa sanda mzee anapofariki, wakati hakuna benki iliyowahi kunifungulia mlango saa hizo. Lakini gharama ya msaada huo haiandikwi popote. Mashine yangu ya kwanza niliichukua kwa mkopo wa namna hiyo, na kwa miaka miwili nzima niliuza samaki kwa bei aliyoitaja mtu mmoja tu. Nilidhani nimemaliza deni nilipolipa shilingi ya mwisho, kumbe nilikuwa nimelilipa mara kadhaa kupitia kila kilo niliyouza chini ya bei ya jirani yangu ambaye hakuwa akidaiwa.

Niruhusu nisimulie kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Miaka kadhaa iliyopita tulikubaliana, vyombo saba, kwamba siku inayofuata hakuna atakayeshusha tenga chini ya bei fulani. Tulilizungumza jambo hilo usiku kwa dhati kabisa, tukapeana mikono. Asubuhi tukarudi, tukataja bei yetu, na wanunuzi wakaenda kukaa kivulini wakaagiza kahawa. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Tulikuwa tunawamwagia samaki maji ya bahari kana kwamba maji yale ni barafu. Ilipofika saa nne, mwenzetu mmoja akapigiwa simu na aliyemkopesha nyavu, akaambiwa auze au arudishe nyavu jioni ile ile. Akauza. Wa pili akauza kwa sababu wa kwanza ameuza, na adhuhuri ilipoadhiniwa sote saba tulikuwa tumeuza, tena kwa bei ya chini kuliko ile ya jana yake, kwa kuwa samaki walikuwa wamechoka. Kwa muda mrefu tulimwita yule wa kwanza msaliti. Leo naona tulimwonea. Sisi ndio tuliomwingiza katika mgomo bila barafu, bila akiba na bila njia ya kumlinda na deni lake, na kwa hiyo mapatano yetu ya usiku hayakuweza kuvuka asubuhi moja.

Pengine msomaji atauliza tofauti ndogo ya bei inaleta nini kikubwa. Nitatoa hesabu ya mfano, kwa kufuata namna tunavyogawana katika vyombo vingi vya hapa, yaani kutoa gharama kwanza, kisha nusu kwa chombo na nusu kwa mabaharia. Tuseme samaki wa safari moja wameuzwa kwa shilingi 600,000, dalali akachukua asilimia 10, na mafuta, barafu na posho vikagharimu 140,000. Zinabaki 400,000, nusu yake ni 200,000, na mabaharia watano wanapata 40,000 kila mmoja. Sasa tuseme samaki wale wale wameuzwa kwa 700,000 katika mnada wa chama unaotoza asilimia 5. Baada ya kutoa gharama zile zile zinabaki 525,000, na kila baharia anapata 52,500. Mauzo yameongezeka kwa takriban asilimia 17, lakini kipato cha baharia kimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 30, bila kuvua samaki hata mmoja wa ziada. Hili la mwisho ningeomba walitazame wanaosimamia hifadhi ya bahari. Mvuvi anayepunjwa bei hujaribu kufidia kwa kuongeza wingi, na wingi huo ndio unaomsukuma kwenye nyavu za macho madogo na juya, ambazo sote tunajua zinaharibu mazalia.

Namna ya kulitatua jambo hili imekwisha kujaribiwa kwingine, na mfano ulio karibu nasi zaidi kwa mazingira uko ng'ambo ya bahari yetu hii hii, kusini mwa India. Wavuvi wadogo wa pwani ya Kerala walikuwa wamefungwa na madalali wakopeshaji kama tulivyofungwa sisi. Walianza na vyama vya kijiji, kimoja kimoja, na mwaka 1980 vyama hivyo vikaunda shirikisho lijulikanalo kwa kifupi kama SIFFS. Chama cha kijiji huajiri mnadishaji wake mwenyewe, na samaki wa wanachama huuzwa kupitia kwake. Katika kila mauzo hukatwa sehemu ndogo kwa ajili ya uendeshaji, akiba ya mwanachama na marejesho ya mkopo. Naomba wasomaji wauangalie utaratibu huo kwa makini. Kwa kuwa marejesho ni sehemu ya mauzo, mvuvi hulipa zaidi bahari inapotoa na hulipa kidogo inapokataa. Na kwa kuwa chama ndicho kinachouza, chama kinaweza kumkopesha mtu asiye na hati ya nyumba, kama afanyavyo tajiri, ila bila kumnyang'anya bei. Mnada, akiba na mkopo vimefungwa fundo moja. Sisi tumezoea kuvitenganisha, tukaanzisha kikundi cha kukopa boti huku mwingine akinadi samaki wa boti hiyo.

Mfano wa pili ni wa Norway, nchi ambayo wazee wa Bagamoyo wanaikumbuka kwa sababu chuo cha uvuvi cha Mbegani kiliendelezwa kwa msaada wake. Tuliletewa kutoka kwao ufundi wa mashine na nyavu, lakini jambo lililowatoa wavuvi wao katika unyonge lilikuwa sheria. Katika miaka ya 1930 bei ya samaki ilianguka vibaya, na wavuvi wa kaskazini mwa nchi ile, wenye vyombo vidogo na madeni kwa wafanyabiashara wa bandarini, hawakuwa na kauli. Mwaka 1938 Bunge lao lilipitisha sheria iliyoupa umoja wa mauzo wa wavuvi wenyewe haki ya kusimamia mauzo ya kwanza ya samaki, pamoja na uwezo wa kuweka bei ya chini kabisa ambayo mnunuzi haruhusiwi kwenda chini yake. Umoja huo, uitwao Norges Råfisklag, uko hai mpaka leo. Sisemi tunakili sheria ya watu wa barafu. Nasema kwamba nchi yenye uvuvi mkubwa kama ile iliona kuwa mvuvi mmoja mmoja mbele ya mnunuzi hana uhuru wa kweli wa kuuza, ikaamua kuupa umoja wake meno.

Wapo watakaojibu kwamba tayari tuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo pwani nzima tunaviita BMU. Naviheshimu vikundi hivyo, na kazi yao ya doria na takwimu ni ya lazima. Lakini BMU ni chombo cha kusimamia rasilimali kwa kushirikiana na serikali, na ndani yake wamo watu wote wa pwani, pamoja na wenye vyombo, wachuuzi na madalali. Haiwezekani chombo kile kile kiwe wakili wa muuzaji na wa mnunuzi katika shauri moja. Kwa ajili ya mauzo tunahitaji chama cha wazalishaji peke yao, kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, chenye hesabu zinazokaguliwa na uwezo wa kuingia mikataba. Usajili huo una faida nyingine pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, na sitaki mvuvi aje aambiwe kwamba amekula njama kwa kupeana mikono usiku kama tulivyofanya sisi saba. Marekani jambo hilo waliliona mapema, wakatunga mwaka 1934 sheria maalumu inayowaruhusu wavuvi kuuza kwa pamoja kupitia vyama vyao. Hapa kwetu, Tume ya Maendeleo ya Ushirika na Tume ya Ushindani zingefanya jambo jema kutoa mwongozo wa pamoja kwa lugha nyepesi, ili chama kijue mipaka yake kabla hakijaanza.

Najua neno ushirika linawashtua baadhi ya wazee, na wana sababu. Nchi hii iliwahi kuwa na ushirika wenye nguvu: wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na wakulima wa pamba wa Ziwa Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, walijenga katika miaka ya 1950 shirikisho kubwa, na moja ya mambo yaliyowaunganisha lilikuwa manung'uniko juu ya mizani ya wanunuzi. Kisha mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 viliwarudia wananchi vikiwa si vile walivyoviacha. Wengi wanakumbuka malipo yaliyocheleweshwa na viongozi waliotajirika. Ndiyo maana napendekeza chama cha wavuvi kisishike fedha ya mtu hata usiku mmoja. Mnunuzi alipe mezani, karani aandike, mvuvi achukue chake kabla jua halijawa kali, na karatasi ya mauzo ya siku ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu ataisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mizani iwepo. Bado tunauza dagaa kwa ndoo na samaki kwa tenga na kwa kukadiria macho, na mahali pasipo na mizani anayefaidika ni yule mwenye uzoefu wa kukadiria, naye si baharia.

Yako mambo mawili ya ndani ambayo tukiyapuuza chama kitavunjika bila ya adui kutoka nje. La kwanza ni uanachama. Mwenye chombo na baharia wake wote wanaitwa wavuvi, lakini masilahi yao hayafanani siku zote, na kama chama kitakuwa cha wenye vyombo peke yao, mabaharia wataona wamebadilishiwa tajiri tu. Kila mwanachama awe na kura moja, mwenye mashua tatu na asiye hata na kasia. Vilevile wavuvi wa dago, wanaotoka Tanga, Unguja, Kilwa na kwingineko na kupiga kambi kwetu kufuata misimu, lazima wapewe nafasi ya kuuza katika mnada wa chama kwa masharti yale yale. Tukiwafungia nje, mnunuzi atakwenda kwenye kambi yao, na bei yetu itakuwa imevunjwa na ndugu zetu tuliowafukuza wenyewe.

La pili linanisumbua zaidi, nalo ni akina mama wanaokaanga samaki. Hawa hununua kidogo kidogo, kwa mtaji wa siku, na wengi ni wake zetu, dada zetu na mama zetu. Nguvu ya soko tunayoitafuta tunaitafuta dhidi ya wanunuzi wakubwa wenye magari na madeli ya barafu, lakini bei ikipanda, wa kwanza kuumia ni mama mwenye karai moja. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na njia ninayoiona ni kutenga sehemu ya samaki wa kila siku, hasa wadogo na dagaa, kwa ajili ya mnada wao, kabla wanunuzi wakubwa hawajaruhusiwa kuingia, na pia kuwaruhusu kujiunga na mfuko wa akiba wa chama. Waulizwe wenyewe kama njia hiyo inawafaa, kwa sababu mara nyingi tumewapangia mambo ya pwani bila kuwaita.

Kwa upande wa serikali, ombi langu ni dogo kuliko linavyoonekana. Katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikikopesha wavuvi boti za kisasa, na ni hatua ninayoishukuru kwa moyo wote. Ningependa mikopo hiyo iende sambamba na chama kinachouza, ili boti mpya isiishie kuleta samaki wengi zaidi kwenye mnada ule ule uliotufanya maskini. Halmashauri yetu ya Bagamoyo, inapopanga utaratibu wa uendeshaji wa soko la samaki, ikipe chama cha wavuvi kilichosajiliwa nafasi ya kwanza ya kuendesha mnada. Ushuru wake itaukusanya kwa urahisi zaidi kwa kuwa kila kilo itakuwa imeandikwa. Na kama kuna fedha ya kujenga kitu kimoja tu pwani, basi kiwe mtambo wa barafu wenye chumba cha baridi. Samaki aliyezikwa vizuri kwenye barafu huweza kukaa wiki nzima na zaidi akiwa mzuri, na mvuvi mwenye uhakika wa barafu anaweza kumwambia mnunuzi arudi kesho. Mimi katika maisha yangu yote ya bahari sijawahi kuitamka kauli hiyo.

Baadhi yetu hapa Dunda tumekwisha anza kuorodhesha majina na kuweka akiba ndogo kila tunaporudi na chochote, kwa nia ya kununua mizani na madeli ya kwanza kabla ya kaskazi ijayo. Wenzetu wa Mlingotini, Kaole, Saadani na madiko ya Pangani na Tanga ambao waliwahi kujaribu jambo kama hili, wakafaulu au wakashindwa, nawaomba waandike katika ukurasa huu watueleze waliweka masharti gani, nani alikuwa wa kwanza kuyavunja na alisukumwa na nini, ili tuyajue kabla hatujaandika katiba yetu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Nahodha wa mashua,
Dunda, Bagamoyo.